Feni ya Rejeta Isipowaka: Anza na Mota, Sensa Iache Mwisho

Kabla hujafungua boneti, muulize dereva gari linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika kasi, mshuku feni, maana kwenye mwendo upepo wenyewe hupoza rejeta. Likichemsha kwenye mwendo mkali huku foleni halina shida, achana na feni. Kaangalie rejeta iliyoziba, themostati au pampu ya maji.

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kununua sensa, yaani kifaa kinachopima joto la maji. Mimi huanza na mota, kisha narudi nyuma hatua kwa hatua. Zima injini, iache ipoe, chomoa plagi ya feni, uipe mota umeme wa betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Hakikisha chanya na hasi. Ukizigeuza, mota nyingi huzunguka kinyume. Ikizunguka kwa nguvu ni nzima. Ikijivuta, au ikataka kusukumwa kwa kijiti ndipo ianze, kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha. Nasema kijiti, si kidole: kwenye magari mengine feni huwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Mota ikiwa nzima, nenda kwenye fyuzi na rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa ampea zilezile. Ikiungua tena, mota imekaza au waya umegusa bodi, na fyuzi kubwa zaidi itauchoma waya. Kwenye rilei ya kawaida, miguu ya 85 na 86 ni ya koili inayoivuta swichi, umeme unaingia 30 na kutoka 87 kwenda kwenye feni. Usiridhike kwa kuisikia ikigonga, kwani inaweza kugonga huku sehemu zinazogusana ndani zimeungua. Itoe, unganisha matundu ya 30 na 87 pale ilipokaa kwa kipande cha waya. Feni ikiwaka, njia ya kwenda kwenye mota iko sawa.

Isipowaka, au ikiwaka kinyonge, umefika kwenye ugonjwa mkuu wa magari ya zamani: waya. Hapa ndipo mita huwadanganya watu. Plagi ikiwa imechomolewa, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 kamili. Pima feni ikiwa imeunganishwa na inapewa umeme. Betri ikisoma 12 na plagi ikasoma 9, volti 3 zimepotelea njiani. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya hasi wa feni. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi, pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi, ina kutu. Ifungue, ikwangue mpaka chuma king'ae.

Sasa sensa. Kama ni swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta, unganisha waya zake mbili, na ufunguo ukiwa umewashwa feni iwake. Kama ni sensa ya kompyuta, usiunganishe kitu. Ichomoe tu injini ikiunguruma, kwani kompyuta nyingi zikiikosa huwasha feni kwa tahadhari. Na kabla ya kuilaumu, angalia maji: sensa iliyozungukwa na hewa haisomi joto sawasawa.

Utaambiwa ufunge swichi kwenye dashibodi, dereva awashe mwenyewe. Sikubaliani nayo, kwa sababu dereva husahau. Ukibanwa kabisa, ifunge feni iwake kila ufunguo unapowashwa, kupitia rilei na fyuzi yake.