Peugeot 404 inazima mlimani: petroli inachemka kabla ya kufika kwenye kabureta

Swali: Fundi, salaam. Nina Peugeot 404 ya 1965, injini ya cc 1,618, kabureta moja. Mwezi ujao wenye magari ya zamani tunasafiri pamoja kwa siku tano: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, tunashukia Mtera hadi Dodoma, kisha tunarudi Dar. Gari langu likipanda mlima mchana linaanza kukohoa, halafu linazima. Nikisubiri nusu saa linawaka vizuri kabisa. Fundi wa mtaani anasema ninunue pampu ya umeme. Ni kweli? Na mlima Kitonga, kabla ya Iringa, litapanda?

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Kitonga litapanda. Bert Shankland wa Dar es Salaam na mwenzake Chris Rothwell walishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 wakiwa ndani ya 404, kwenye barabara mbovu kuliko hiyo lami yenu. Gari si dhaifu. Lina joto mahali pasipotakiwa.

Dalili zako zinaelekea kwenye petroli kuchemka ndani ya bomba. Lakini koili iliyochoka, ile inayotoa umeme wa plagi, nayo hufanya hivyo hivyo, ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kupima. Siku likizima, usisubiri lipoe. Fungua boneti palepale, hakikisha hakuna petroli iliyovuja, chomeka plagi ya akiba kwenye waya mmoja, iguse kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mwenzako apige stata. Cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, umeme ni mzima, tafuta kwenye mafuta. Ikiwa nyekundu na hafifu, au haipo, badilisha koili na kondensa, na pampu uiache.

Tuseme umeme ni mzima. Pampu ya 404 imefungwa kwenye injini yenyewe na inavuta petroli kutoka kwenye tangi lililo nyuma kabisa. Kuvuta kunapunguza mgandamizo ndani ya bomba, na kimiminika kikipungukiwa mgandamizo huchemka mapema. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, na bonde la Ruaha pale Mbuyuni, mchana wa jua kali, haliko mbali na hapo hata kabla hujahesabu joto la injini. Pampu ikijaa mvuke haisukumi kitu. Magari ya sasa pampu imezama ndani ya tangi na inasukuma kwa nguvu, ndiyo maana tatizo hili hayalijui.

Fundi wako basi hajakosea, ila ameanzia mwisho. Anza na njia ya bomba: lisipite karibu na ekzosi, na pale lisipoweza kuepuka weka bati la kukinga joto. Badilisha mipira yote ya mafuta. Safisha rejeta, na hakikisha feni inashika, kwa sababu feni ya 404 ina klachi ya umeme ambayo mara nyingi imekufa bila mwenye gari kujua. Ukimaliza hayo na bado linazima, funga pampu ya umeme karibu na tangi, ya mgandamizo mdogo, baa 0.2 hadi 0.3. Yenye nguvu zaidi itaishinda sindano inayofunga petroli ndani ya kabureta, na petroli itamwagika kwenye ekzosi ya moto. Iwe pia na swichi ya kuizima pampu pale injini inapozima. Gari likipinduka pampu isiendelee kumwaga mafuta.

Sasa msafara wenyewe, maana hapa ndipo magari mengi mazima huharibikia. Gari dogo kuliko yote litangulie. Mkimweka mwenye injini kubwa mbele, wa nyuma wataikamua injini siku nzima kumfuata. Msisongamane nyuma ya lori Kitonga, mtakuwa mnavuta hewa ya moto ya ekzosi lake. Subirini chini hadi njia iwe na nafasi, na mpande asubuhi.

Mkifika juu, usizime injini mara moja. Maji na feni vikisimama, joto la injini linapanda kwenye pampu na kabureta, petroli ya kabureta inachemka na kufurikia ndani ya injini, na hapo ndipo chai ya dakika kumi inageuka saa nzima. Iache ingurume taratibu dakika chache, kisha zima na ufungue boneti. Likigoma kuwaka, kanyaga mafuta hadi chini na ushikilie hapo huku ukipiga stata. Usipigepige pedali, kila pigo linaongeza petroli kwenye injini iliyokwisha kulowa. Kitambaa chenye maji juu ya pampu kinasaidia, ila kisigusane na nyaya za plagi.

Iringa iko zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, nguvu itapungua na moshi unaweza kuwa mweusi kidogo. Usiguse kabureta kwa ajili ya siku mbili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mteremko wa Nyang'oro mkielekea Mtera. Gari lako lina breki za dramu magurudumu yote manne. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakipata joto maji hayo yanakuwa mvuke, pedali inazama. Badilisha mafuta yote kabla ya safari, na mlima uushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia.