Usianze na pepo: jibu kwa anayetaka kufungua filamu yake kwa damu

Liondoe hilo onyesho la kwanza kabla hujakodi kamera. Umeuliza mambo manne: kama binti aliyepagawa atapike damu katika dakika ya kwanza, kama avalishwe lenzi nyeupe machoni, kama sauti yake inenepeshwe kwa kompyuta, na kama mwishoni pepo ashinde au ashindwe. Nilipofika kwenye hiyo damu ya dakika ya kwanza nilishindwa kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa sababu filamu hiyo nimekwisha kuitengeneza mimi, nayo ilinimalizia akiba yote.

Yangu ilikuwa ya dakika 22. Ilifunguka kwa msichana anayepanda ukuta kinyumenyume, macho meupe, shingo imepinda, huku kelele zikipasua masikio. Onyesho hilo la sekunde 50 lilikula siku 3 kati ya 7 tulizokuwa nazo za kupiga picha: siku ya kwanza kamba ilionekana, siku ya pili lenzi ilidondoka jichoni mwigizaji akiwa juu, na siku ya tatu sote tulikuwa tumechoka kiasi kwamba pepo pekee ndiye aliyekuwa na nguvu. Siku 4 zilizobaki hazikutosha muswada mzima, kwa hiyo nikakata kurasa zote ambamo msichana alikuwa mtu wa kawaida, kwa hoja kwamba hazikuwa na kitu. Hapo ndipo nilipoiua filamu, kwa mkono wangu na kalamu nyekundu.

Tulipoionyesha, watu walishtuka mara moja, kama mtu anavyoshtuka mlango ukibamizwa na upepo, kisha wakazoea. Kufikia dakika ya 6 walikuwa wanacheka. Nilijifariji kwamba angalau nimewachangamsha, na kwamba wapo watengenezaji wa vichekesho wasiofikia kicheko kile. Kilichoniumiza kilikuja baadaye, pale mtazamaji mmoja aliponiuliza kwa upole: "Kabla hajapandwa, alikuwa mtu wa namna gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jina lake na gauni lake la kulalia, basi.

Aliyenifundisha kuanza hivyo alikuwa mkufunzi wa kozi fupi niliyoilipia, ambaye alirudia kila siku kwamba mtazamaji asipotishwa katika dakika ya kwanza ataondoka. Sijapata kuona filamu hata moja aliyoitengeneza yeye. Sikumtakia mabaya wakati ule na simtakii leo. Namwombea tu apandwe na pepo wa kurudisha ada.

Kinachotisha katika kupagawa ni kumtazama mtu unayemfahamu, ameketi mbele yako kwa mwili wake uleule, kisha ukatambua kwamba anayekujibu ni mwingine. Usipomfahamu kwanza, hakuna kilichoibwa. Watu hukumbuka kichwa kinachogeuka katika filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, wakasahau kwamba muda mrefu kabla ya hapo tumemwona Regan, binti atakayepagawa, akicheza na mama yake na kumwomba farasi. Kisha anajikojolea zuliani mbele ya wageni, kisha anachomwa sindano shingoni hospitalini katika uchunguzi wa mishipa ya damu, na madaktari hawaoni kitu. Kuhani mzee wa kumpunga pepo anabisha hodi katika sehemu ya mwisho ya filamu. Utaniambia kwamba inaanza na sanamu ya pepo huko Iraki. Ndiyo, ni sanamu, tena iko mbali, na binti bado hajaguswa. Hata ile sauti nzito ya pepo, iliyotolewa kwa koo la mwigizaji Mercedes McCambridge, isingekuwa na uzito wowote kama masikio yetu yasingekuwa yamekwisha kuizoea sauti ya mtoto. Kwa hiyo kompyuta yako iache izimwe kwanza.

Kanuni yangu ni kwamba kabla pepo hajaingia, mtazamaji awe anajua mambo matatu ya binti huyo: anavyowaita watu wa nyumbani kwao, anavyocheka, na jambo ambalo hawezi kulifanya hata akilazimishwa. Halafu pepo ayachukue moja baada ya jingine, taratibu, akianza na dogo kabisa, ambalo mama peke yake ndiye atakayelitambua na kila mtu atamwambia kwamba ana wasiwasi tu.

Nawe tayari unalo hilo, ila umelizika katika ukurasa wa 9 wa muswada wako, pale binti anapomsomea barua bibi yake asiyeona. Ulifanye kuwa onyesho la kwanza, asome vizuri, wacheke pamoja, asimwite "bibi" bali lile jina la utani analolijua yeye peke yake. Baadaye amsomee tena, kwa sauti ileile tamu, na kamera ituonyeshe kwamba karatasi haina maandishi. Bibi atakuwa anatabasamu. Lenzi nyeupe hazina kazi hapo, kwa kuwa aliye karibu naye zaidi haoni macho yake hata kidogo.

Niandikie hapa jinsi binti yako anavyocheka. Ukikosa la kuandika, usilipie kamera wiki hii.