Jibu kwa shangazi: Je, watamwelewa binti wa jirani huku Leicester?

Shikamoo shangazi. Umeniuliza kwa niaba ya jirani yako wa Kihindi pale Tanga, ambaye binti yake aliolewa huku Leicester, Uingereza. Binti amejifungua, na tangu hapo halali wala hali, analia bila sababu anayoweza kuitaja, na akipigiwa simu husema kifua kinambana na kichwa kinamgonga. Mama yake anataka kujua kama madaktari wa huku watamwelewa, kama habari zake zitasambaa kwenye jamati (jumuiya yao ya dini), na kama atanyang'anywa mtoto. Umeniruhusu nijibu hadharani bila kumtaja mtu, kwa sababu mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika mji huu na maswali haya nimeulizwa na wengi.

Naanza na la mtoto, maana ndilo linalowafunga akina mama midomo. Ugonjwa wa akili peke yake si sababu ya kumtenganisha mama na mwanawe. Uingereza ina wodi maalumu za mama na mtoto: mama aliyezidiwa hulazwa pamoja na kichanga chake, wauguzi wakimsaidia kumnyonyesha na kumbembeleza huku yeye akitibiwa. Ustawi wa jamii huingia pale mtoto anapokuwa hatarini, na sitakuficha kwamba wapo waliotenganishwa na watoto wao. Lakini wengi ninaowaona wakifika kwa njia ngumu, kwa gari la polisi au kwa kuzuiwa hospitalini chini ya sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983 inayoruhusu mtu azuiwe hadi siku 28 ili achunguzwe, ni wale waliofichwa nyumbani mpaka mambo yakaharibika. Hofu mnayoijua nyinyi mtu akitajiwa hospitali za wagonjwa wa akili za Mirembe au Lutindi, hapa pia ipo.

Kwa Wahindi, kama kwetu pwani, mzazi hutunzwa siku arobaini. Hapiki, hafui, anakandwa, analishwa. Wagujarati humpikia katlu yenye samli na viungo vya kumrudishia nguvu. Huku binti huruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake, pengine siku ile ile, likizo ya mume kwa kawaida haizidi wiki mbili, na mama mkwe naye mara nyingi ni mfanyakazi, anatoka asubuhi na giza. Mtu aliyekulia kwenye nyumba iliyojaa watu anajikuta kutwa nzima hajasikia sauti ya mtu mzima, nje baridi, mtoto analia. Huzuni ya baada ya kujifungua humpata mwanamke wa taifa lolote, ila upweke wa namna hiyo huichochea vibaya sana.

Matibabu yapo. Kama alikuja kwa viza ya ndoa, amekwishalipia: tangu Februari 2024 ada ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa wakati wa kuomba. Baada ya hapo haogopi bili ya daktari wala ya kulazwa, na akiwa na cheti cha mzazi hata dawa za kuandikiwa halipii hadi mtoto atimize mwaka. Tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya taifa, anaweza kujiandikishia mwenyewe bila kupitia kwa daktari.

Ila huduma hiyo ilijengwa kwa mtu anayeingia peke yake, akae mbele ya mgeni na kumweleza yaliyo moyoni. Binti wa Kikachi, yaani wa Wahindi wenye asili ya Kutch, hakulelewa hivyo. Anakuja na mama mkwe, anasema kifua. Daktari ana dakika kumi; anapima moyo, anaukuta mzima, anaandika dawa ya maumivu. Maumivu yale ni ya kweli, shangazi. Huzuni imemkaa kifuani, na anayetaka kuiona aanzie hapo kifuani, aulize usingizi, aulize chakula, aulize nani anampokea mtoto usiku. Akianza kwa kumwuliza "unajisikiaje moyoni?" mbele ya wakwe, atajibiwa "salama" na hatamwona tena.

Hili lina historia. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Stanley Sue na mwenzake walichapisha utafiti wa vituo vya afya ya akili vya eneo la Seattle, Marekani. Wagonjwa wenye asili ya Asia walikuwa wachache mno, na zaidi ya nusu ya waliokuja hawakurudi baada ya siku ya kwanza. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba watu hao hawana shida. Sue alisema kasoro iko kwenye huduma yenyewe. Miaka imepita, na bado nasikia watumishi wakisema "Waasia wanatunzana wenyewe". Neno hilo linaniuma, kwa sababu nimeingia kwenye nyumba hizo na kuwakuta mabinti wanaowatunza wagonjwa peke yao miaka na miaka, hakuna anayebisha hodi.

Kisha kuna hili la kuwaita wote Waasia. Kwa sensa ya 2021, asilimia 43.4 ya wakazi wa Leicester wana asili ya Asia. Wengi ni kizazi cha waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakaja hapa ingawa halmashauri ya mji ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wengine walitoka Kenya, Malawi na huko kwetu, ndiyo maana mtaa wa Belgrave Road utauziwa muhogo wa kukaanga na wanauita mogo. Wazee hao walipoteza maduka, nyumba na nchi kwa siku 90, na wengi hawajawahi kuulizwa habari hiyo na daktari yeyote. Lakini humo humo wamo Wapunjabi, Wapakistani, Wabangladeshi wa Sylhet wenye usemi wao, Watamil, Wachina. Mzee wa Sylhet akiletewa mkalimani wa Kibengali cha vitabuni anaweza kuitikia kila kitu kwa adabu na asielewe nusu yake.

Hapa mwambie jirani yako jambo muhimu kuliko yote niliyoandika. Mkalimani ni wa bure, na binti yake anaweza kumwomba wa lugha aitakayo. Wakimwona sura na jina, watamletea wa Kihindi au Kigujarati. Yeye amezaliwa Tanga, anaota kwa Kikachi na Kiswahili. Aombe mkalimani wa Kiswahili. Na aombe kwa simu, mtu wa mji mwingine, hapo hofu ya jamati itapungua sana, maana mkalimani wa hapa hapa huenda wakakutana naye Alhamisi kwenye majlisi. Asikubali kutafsiriwa na mume, wala shemeji, wala mtoto wa wifi anayejua Kiingereza.

Ninaamini kabisa kwamba utabibu wenye heshima huanza kwa kumwuliza mtu, si kwa kumkisia. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 una maswali 16 ya utamaduni, na ninalolipenda ni lile la kumwuliza mgonjwa tatizo lake huwaelezaje ndugu na rafiki zake. Swali hilo moja humfungua mtu aliyekaa kimya mwezi mzima.

Na tiba inayofuata maisha ya watu inafanya kazi. Kule vijijini Rawalpindi, Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijiji, wanawake wa kawaida, kuzungumza na wajawazito wenye sonona, yaani huzuni iliyokuwa ugonjwa, nyumbani kwao. Walizungumzia afya ya mtoto, jambo ambalo hakuna mkwe anayeweza kulikataa, na familia ikahusishwa. Akina mama walikuwa 903. Matokeo ya 2008: mtoto akifikisha miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na kwa waliotembelewa bila mafunzo hayo asilimia 53. Hapa Uingereza Nusrat Husain wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake walijaribu kitu cha jamaa hiyo kwa wanawake 732 wa asili ya Asia Kusini waliokuwa na huzuni ya uzazi: vikao 12 vya pamoja, kwa lugha zao, watoto wakiangaliwa. Matokeo yalitoka 2024. Baada ya miezi minne asilimia 49 walikuwa wamepona, kwa waliopata huduma ya kawaida tu 37. Kufikia mwaka tofauti hiyo haikuonekana tena, lakini kwa mama mwenye kichanga, kupona miezi mapema ni jambo kubwa mno. Aulize kama kuna kikundi cha aina hiyo karibu yake.

Kuhusu siri, jirani yako ajiandae. Akipiga simu hospitali hataambiwa chochote bila idhini ya binti, hata akilia. Ataona ni ukatili. Sheria inamlinda binti dhidi ya watu wengi, na mama mzazi mwema anaangukia humo humo. Lakini watumishi wasioweza kumwambia wanaweza kumsikiliza: aeleze binti alikuwaje kabla, kuna nani katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo baada ya kuzaa, analala saa ngapi. Taarifa hiyo huandikwa na kusomwa. Na binti akikubali, mama anaweza kuingizwa kwenye kikao kwa simu ya video kutoka Tanga. Mimi hupenda sana vikao hivyo.

Niseme na lingine ambalo wakubwa wengine hawatalipenda. Kuheshimu mila hakumaanishi kumtii mkwe. Wapo watumishi wanaoogopa kuitwa wabaguzi, wakaona mwanamke anakatazwa simu na pasipoti imefichwa, wakasema ni utamaduni wao. Huko si kuheshimu utamaduni. Kila binti aongee na muuguzi dakika kadhaa akiwa peke yake, na jirani yako adai hilo.

Kisomo, dua, hirizi, vyote aendelee navyo akipenda, wala asiache dawa kwa ajili hiyo. Dawa za hakimu (mganga wa tiba za asili) au za Kihindi zilizotumwa kwa posta amwonyeshe daktari, maana baadhi zimewahi kukutwa na madini ya risasi ndani, na ananyonyesha.

Ikiwa hajalala siku mbili tatu, anaongea mambo yasiyoeleweka, anasikia sauti, au anasema mtoto angekuwa heri bila yeye, hapo hakuna kusubiri miadi. Mume apige simu namba 111 na kuchagua 2, saa yoyote, usiku au mchana. Na kama maisha ya mtu yamo hatarini sasa hivi, apige 999. Kama ni huzuni na kukosa usingizi tu, ampigie daktari wake kesho asubuhi mapema, au amwambie muuguzi anayezungukia nyumba za wazazi.

Na jirani yako kama anao uwezo, aombe viza ya matembezi sasa, asingoje binti azidiwe. Mume amwombe daktari barua ya kuambatisha kwenye maombi. Zile arobaini alizozikosa mwanawe zinaweza kuanza siku mama atakapofika.