Utani wa wahafidhina wa Marekani, anzia hapa

Pole ndugu yangu, umesema wenzako kazini huko Texas wanacheka utani wa kihafidhina wa mastaa, mpira na siasa we unabaki umetoa macho. Nakuelewa kabisa, hata mimi nilipofika ilikuwa hivo hivo. Kingereza unakijua, kinachokukosesha ni stori iliyo nyuma ya utani. Chukua Babylon Bee, ile tovuti ya habari za kutunga iliyoanza 2016, mwaka 2018 waliandika eti CNN wamenunua mashine kubwa ya kufulia wazungushe habari kabla ya kuzitoa, sasa kwao kuzungusha habari ni kuzipindisha, utani wote uko hapo, halafu Snopes, tovuti ya kuhakiki habari, wakakaa chini kuhakiki kama ni kweli na Facebook nao wakawapa Babylon Bee onyo, ndo watu wakazidi kucheka.

Kwenye mpira wao, ule wa American football, jua ile ya mchezaji Colin Kaepernick kupiga goti wimbo wa taifa ukiimbwa kupinga ubaguzi, 2016, utani mwingi wa NFL, ligi yao kubwa, unatokea pale.

Usiku angalia kipindi cha mchekeshaji Greg Gutfeld wa Fox News, televisheni ya kihafidhina, zile dakika za mwanzo tu anapoongea peke yake, andika kila jina usilolijua kesho yake muulize mwenzako mkiwa lanchi, watu wanapenda sana kuulizwa.

Ila ya siasa usichangie mpaka mzoeane. Anza na Dallas Cowboys, timu ya NFL ya huko huko Texas, hawajabeba Super Bowl, yaani fainali ya NFL, tangu Januari 1996, hapo Texas utataniana nao hadi jioni kama Simba na Yanga.