Uliza Kwanza Nani Analipa

Shikamoo Mwalimu. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili. Nimepokea barua pepe kwamba ikisiri yangu, yaani muhtasari wa pepa, imekubaliwa katika kongamano la kimataifa. Ajabu ni kwamba sikumbuki kutuma ikisiri yoyote. Wanataka ada ndani ya siku tatu. Wenzangu wananiambia nisiipoteze bahati hii. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Hukutuma ikisiri, basi kilichokubaliwa hapo ni pochi yako.

Sikucheki, maana nami niliwahi kuliwa. Nikiwa mwaka wa tatu nilikopa kwa dada yangu nikalipia kongamano la "utawala, afya, uhandisi na maendeleo". Jina lenyewe lingetosha kunishtua. Ukumbini tulikuwa watu kumi na mmoja. Aliyenitangulia alizungumzia magonjwa ya samaki, aliyenifuata alizungumzia saruji. Kila mmoja alipewa dakika saba, cheti na mkoba, na hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Deni la dada lilinichukua miezi minane. Cheti sijui kilipotelea wapi, mkoba ulidumu.

Ada peke yake si dalili ya utapeli. Vyama halali vya wanataaluma hutoza ada, ila mwanafunzi kwa kawaida hulipa pungufu. Tazama mambo mengine: je, mada ni finyu kiasi cha kueleweka? Kamati ina watu unaoweza kuwatafuta katika vyuo vyao? Walikaa na ikisiri yako kwa wiki kadhaa, au walikujibu kesho yake kwa pongezi? Mahali pasipokataa mtu hapana msomaji.

Makongamano ya kweli ya wanafunzi wa shahada ya kwanza yapo. Marekani kuna National Conference on Undergraduate Research, lililoanza mwaka 1987, na Uingereza wana British Conference of Undergraduate Research tangu 2011. Yote mawili hupokea fani zote. Kwa upande wa siasa, Midwest Political Science Association hukutana Chicago kila mwaka, na wanafunzi wa shahada ya kwanza huonyesha kazi zao kwenye mabango. Usilidharau bango. Mtu anayesoma pepa jukwaani anaweza kumaliza na kuketi bila kuguswa, lakini wewe uliyesimama kando ya bango utakutana na profesa mmoja msumbufu atakayenyoosha kidole kwenye jedwali na kukuuliza namba hiyo umeipataje. Huyo ndiye uliyemfuata.

Mwalimu, niko mwaka wa kwanza. Nataka kuomba mafunzo kazini Umoja wa Mataifa. Hayalipi, lakini baba anasema jina lile kwenye wasifu litanilipa baadaye. Unasemaje?

Mwambie mzee kwamba kwa sasa mlango haujafunguka. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa huchukua walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, walio katika masomo ya juu zaidi, au waliohitimu ndani ya mwaka mmoja. Muda ni kati ya miezi 2 na 6, na nauli, pango na chakula ni juu yako.

Hilo la pango si dogo. Mwaka 2015 kijana wa New Zealand, David Hyde, alipiga hema kando ya ziwa mjini Geneva akiwa mwanafunzi wa mafunzo katika Umoja wa Mataifa. Baadaye alikiri kwamba alikusudia watu waone, lakini waliona kweli, na mjadala ukawaka. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani huwapa posho wanafunzi wake wa mafunzo. Shirika la Kazi Duniani nalo hulipa. Ingekuwa aibu lisingelipa. Tume ya Ulaya ina mafunzo kazini yaitwayo Blue Book, miezi mitano yenye posho, unaanza Machi au Oktoba, ila lazima uwe na shahada mkononi.

Ukiniuliza mimi, mwaka huu mfuate mhadhiri wako anayekusanya data. Mwombe umsaidie kuingiza hotuba za bunge kwenye majedwali. Ni kazi ya kuchosha macho, na haina jina la kumtambia mtu. Lakini ukiitenda vizuri, utapata mtu anayeweza kukuandikia barua ya kukupendekeza yenye mambo aliyoyaona mwenyewe, si "namfahamu kama mwanafunzi mwenye bidii".

Sina utafiti, nina pepa ya muhula tu. Nitaombaje ruzuku ya kwenda kongamanoni?

Kwa hiyo hiyo pepa. Anza kwa kuiandikia ikisiri. Nimekaa kwenye kamati za kuchagua ikisiri, na nakuhakikishia "Nafasi ya vijana katika demokrasia" hatukuimaliza hata mara moja. Iliyotuamsha ilikuwa ya binti aliyeuliza kwa nini wabunge wapya huuliza maswali mengi mwaka wa kwanza kisha wakanyamaza. Swali, ushahidi, alichokiona: yote ndani ya maneno 250.

Ikikubaliwa, peleka barua ya kukubaliwa kwa mkuu wa idara pamoja na bajeti iliyochanganuliwa: nauli, malazi, ada. Omba nusu idarani na nusu kwa mkuu wa wanafunzi, na kila mmoja umwambie kuhusu mwenzake. Watoa fedha hupenda kusikia kwamba hawako peke yao.

Na ujue unachokwenda kuuliza. Ralph Bunche, mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyepata Nobel ya Amani mwaka 1950, katika miaka ya 1930 alipewa ruzuku na Social Science Research Council, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii la huko kwao, akachunguze utawala wa kikoloni. Kabla ya kufika Afrika Mashariki alipitia London, akajifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta. Leo chama cha wanasayansi wa siasa cha Marekani kina mafunzo ya kiangazi yenye jina lake, yaliyoanza 1986, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofikiria uzamivu.

Barua ya mhadhiri iombe wiki tatu kabla. Mimi nikiombwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, huandika mistari minne.