Kumpiga papa mishale kwa ajili ya mchezo

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mtoto wa mvuvi. Niko Freeport, Texas, huu mwaka wa nne. Vijana ninaofanya nao kazi wana boti, wamenichukua mara mbili hadi mbali Ghuba ya Mexico kuwinda papa kwa upinde. Wanamwaga damu na matumbo ya samaki, papa akipanda juu wanampiga mshale uliofungwa kamba na boya. Mara ya pili nilipiga mimi. Alipovutwa akaanza kutoa watoto pale kwenye sitaha. Wakapiga picha, wakakata taya, wakanipa jino moja, mzoga wakautupa. Rafiki yangu Mwislamu anasema hakuna kosa: papa ni kama mbwa mkali, anauawa popote, na kulenga shabaha ni sunna. Lakini silali vizuri. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah, mwanangu. Nilipofika pale pa watoto wa papa niliacha kusoma kwa muda. Huko kukosa usingizi kwako usikuombee dawa haraka. Ni moyo ulio hai.

Kwamba papa ni halali kuliwa, hilo silirefushi. Umekulia papa mkavu wa nazi kama mimi, na aya ya 96 ya Suratul Maida unaijua. Ninayetaka kusema naye ni rafiki yako, kwa sababu maneno yake nimeyasikia kwa wengi, na yanavaa joho la elimu.

Anasema papa ni mbwa mkali. Anakusudia hadithi ya Bibi Aisha, Allah amridhie, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, ya wale watano wanaouawa hata ndani ya Haram ya Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Ni kweli wanazuoni wamepanua maana. Imam Malik aliwaingiza simba na chui. Lakini walipanua kwa sababu gani? Kwa sababu ya uadui: mnyama anayemvamia mtu njiani kwake na zizini kwake. Sasa nikuulize, huyo papa alimvamia nani? Alikuwa kwenye maji yake, maili nyingi kutoka nchi kavu. Nyinyi ndio mliomfuata kwa injini, mkamwita kwa damu kama mtu anayeita kuku kwa mtama, alipokuja kula mkampiga. Aliyevamia hapo ni nani?

Hata mwanachuoni aliyekuwa mkali kuhusu samaki wa aina hii hamsaidii. Ibn Qudama ametaja katika kitabu chake al-Mughni kauli ya Ibn Hamid, mwanachuoni wa Kihanbali mwenzake, kwamba mamba na kausaji, samaki wa jamii ya papa, hawaliwi kwa kuwa wanakula watu. Sisi Mashafi hatukuichukua kauli hiyo kwa papa. Lakini tuseme tumeichukua: amesema wasiliwe. Hakusema wafuatwe kilindini wauawe, watupwe. Kutoka "usimle" mpaka "muue ufurahi" ni safari ambayo rafiki yako ameisafiri peke yake, bila mwanachuoni hata mmoja chomboni.

Ama shabaha, kweli Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba nguvu ni kulenga. Hiyo imo kwa Muslim. Na ni Muslim huyo huyo aliyepokea kutoka kwa Ibn Abbas: msikifanye chochote chenye roho kuwa shabaha. Kisha iko habari ya Ibn Umar. Alipita kwa vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamlenga, na wamepatana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa ni wake. Walipomwona wakatawanyika. Akasema Allah amlaani aliyefanya hivi. Watazame vijana wale: marafiki, wana pinde, wako kwenye mchezo, wala hawamchukii yule ndege. Ndiyo boti yenu ile.

Simaanishi kwamba mshale wenyewe ni haramu. Swahaba Adiy bin Hatim alimuuliza Mtume kuhusu kuwinda kwa mshale na akaruhusiwa. Papa, kwa kuwa ni wa baharini, hahitaji hata kuchinjwa. Anayewinda ale au awalishe watu hana lawama ya kisheria kwa chombo chake, maadamu hamtesi mnyama. Kilichowaharibia nyinyi ni kuua bila haja, na kutesa. Wewe mtoto wa mvuvi unajua kwamba papa hana kibofu cha hewa kama samaki changu, akifa anazama. Kamba ikikatika anakwenda na chuma mwilini, hafaidi yeye wala nyinyi. Na papa wa aina nyingi hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa wachache tu.

Kuna na jambo la nchi unayoishi. Katika maji ya serikali kuu ya Marekani upande huo, anayevua papa kwa starehe anaruhusiwa kutumia fimbo ya kuvulia au mshipi wa mkono tu. Upinde haumo. Uliingia nchi ile kwa ahadi, na Allah anasema timizeni ahadi.

Dhambi? Ulichokifanya ni kosa, nami siwezi kukuambia vingine. Lakini hukujua, na ulipoona umechukia. Hakuna kafara ya mali wala ya kufunga. Omba msamaha, azimia kutorudia, basi. Usijipige moyo kila usiku.

Na tusijione wema sisi tuliobaki huku. Baruti imepasua matumbawe ya Tanga yetu, samaki wadogo wakielea kwa mamia, na waliorusha wakaswali Ijumaa safu moja nasi.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi. Hukwenda kwa ajili ya papa. Ulikwenda kwa sababu mtu alikuambia "twende", baada ya miaka hii ya kutoka kazini na kujifungia ndani. Usiwaache vijana hao. Waambie wewe ni mvuvi kwa baba na babu, utawafundisha mshipi. Vueni mnachoweza kula. Mkipata papa anayeruhusiwa, mtoeni damu na matumbo palepale na mumweke kwenye barafu, maana akichelewa ananuka mkojo na mtamtupa tena. Wapikie wa nazi, wale nyumbani kwako. Ila papa mkubwa ana zebaki nyingi, wajawazito na watoto wadogo wasipewe. Na mpigie mzee wako simu umsimulie. Wavuvi wanajua mengi ya majuto kuliko sisi wa vitabuni.

Jino ulilopewa ni twahara, si najisi, na ukiswali nalo mfukoni swala ni sahihi. Ukitaka lizike, ukitaka ubaki nalo. Ila usimvishe mtoto shingoni kama hirizi, hata kama bibi atakuomba umletee.