Bebe asiyelala: niliyojifunza na mtoto wangu wa tatu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo

Wawili wa kwanza walinidanganya. Walinyonya, wakalala, nami nikadhani ndivyo watoto walivyo. Wa tatu alizaliwa mwanzo wa msimu wa mvua, na tangu mwezi wake wa pili mchana alilala dakika 25, dakika 30, kisha macho wazi na kilio. Usiku aliamka mara tano, mara sita. Saa kumi za alfajiri ilinikuta nimeegemea ukuta wa mbao, nikimsikia jirani akikohoa upande wa pili, machozi yakinitoka kwa uchovu tu.

Kila mtu alikuwa na neno. Ana njaa. Ana tumbo. Kuna mtu amemtazama vibaya. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, aliyelea watoto sita, ndiye aliyeniambia kitu cha maana: "Acha kusema halali. Andika."

Nikachukua daftari la shule la mkubwa wangu, na kwa siku tano nikaandika kila alipolala na kila alipoamka, hata zile dakika 15 za mgongoni nikiwa njiani kwenda sokoni. Wakati huo alikuwa na miezi minne. Nilipojumlisha nilirudia hesabu mara mbili, kwa sababu ilitoka saa 12 na kidogo kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miezi 0 hadi 3 anapaswa kulala saa 14 hadi 17, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukiwa ndani ya hesabu. Wangu alikuwa kwenye ukingo wa chini, lakini ndani. Usingizi wake ulikuwa umekatwa vipande vidogo vidogo. Siku ile hofu ilinitoka, na ndiyo maana kila mama anayenilalamikia namwomba aanze na daftari kabla ya kujaribu kitu kingine chochote.

Daftari lilinionyesha na jambo la pili. Nilikuwa namwacha achezeshwe na watoto wa uani mchana kutwa, nikiwaza: achoke vizuri, usiku atalala. Kumbe siku alizokaa macho muda mrefu ndizo usiku wake ulikuwa mbaya zaidi. Mtoto aliyechoka kupita kiasi mwili wake unazidi kuchangamka badala ya kutulia. Analia, anajinyoosha kama ubao, anasukuma titi. Katika umri ule, saa moja na nusu hadi mbili za kukaa macho zilimtosha wangu. Nikajifunza kumtazama yeye kuliko saa. Kwanza anaacha kunitazama, macho yanaganda ukutani. Kisha ngozi juu ya nyusi inageuka nyekundu kidogo, mkono unatafuta sikio. Hapo ndipo pa kumbeba. Nikingoja apige miayo na kulia, nimechelewa, na kumtuliza kutachukua saa nzima.

Kumlaza kutoka mgongoni ni kazi yenye ufundi wake. Ukimshusha mara tu macho yanapofumba, anaamka. Nilikuwa nangoja dakika 20 hivi, naendelea kupepeta mchele au kufagia, mpaka nihisi mkono wake mdogo umelegea na unaning'inia. Halafu nainama chini kabisa juu ya godoro, nafungua kikwembe polepole, namzungusha mbele, namlaza chali, kiganja changu kikibaki kifuani mwake mpaka avute pumzi ndefu mara mbili. Chali siku zote, godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito karibu na uso.

Kelele za Kadutu siwezi kuzizima. Nyumba zimebebana mlimani, na wenzetu wanakesha kwa maombi na spika. Lakini niliona kwamba mvua ikipiga mabati analala vizuri kuliko siku zote, basi siku kavu nikawa namfanyia "shhhh" nzito karibu na sikio, ndefu kama mvua. Asubuhi namtoa nje kwenye mwanga. Usiku, umeme ukikatika, niliacha kabisa kumwashia tochi ya simu usoni. Namnyonyesha gizani, bila maneno, namrudisha.

Sasa niliyoyakataa. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda, alitaka tumpe uji mwepesi jioni ili ashibe. Nilimwambia, "Mama, pale kwenye kupima watoto walituambia titi peke yake mpaka miezi sita, hata maji hapana." Alinyamaza siku mbili, kisha akaanza kuja asubuhi kunishikia mtoto, na huo ndio msaada niliouhitaji. Sirop za kusinzisha pia nilizikataa. Dawa ya mafua au ya kutuliza muwasho haipewi mtoto mchanga ili mama apumzike, inaweza kumzuia kupumua. Na mbabula, lile jiko la makala, yaani mkaa. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, na wengi wetu tunashawishika kuingiza makala chumbani na kufunga mlango. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Mvalishe soksi na kofia wakati umembeba, vaa sweta wewe, lakini mbabula ibaki nje.

Usiku mmoja nilisinzia nimekaa kitini nikimnyonyesha. Nilishtuka ameteleza, uso umebanwa kati ya mkono wangu na ubao wa kiti. Alikuwa anapumua. Nilimwamsha papa yake palepale nikamwambia siwezi tena peke yangu. Tangu hapo, saa kumi mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni zamu yake: anamfunga kifuani, wanatembea barazani. Zile saa mbili nilizolala bila kuvunjwa ndizo zilizonirudishia akili. Mama mwenzangu, usione haya kuomba.

Kama mtoto ana homa, anakataa kunyonya, haongezi uzito, anakoroma huku mbavu zikivutika, au analia kilio usichokijua, hilo si la daftari. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wangu sasa ana miezi 11. Bado anaamka mara moja, pengine mbili. Jana mchana alilala saa moja na dakika 40, mvua ikinyesha, nami nikakaa mlangoni nachambua majani ya sombe. Papa yake aliporudi kutoka kazini nilimwinulia kidole midomoni, akavua viatu nje.